Herufi za Vitambaa

Kila jioni Kiherehere, msichana wa darasa la sita, alimkalisha mdogo wake kando ya cherehani ya mama yao, akamfundisha kusoma. Mdogo mtu walimwita Pipi. Pipi aliimba, "Ma, me, mi, mo, mu, sa, se, si, so, su," bila kukosea hata kidogo, na Kiherehere akajitapa, "Mama, huyu sasa anasoma kama maji."

Wapi! Ukimwonyesha Pipi herufi moja peke yake, alikodoa macho tu. Kiherehere alilijua hilo, akamficha mama.

Jumatano mama alisimamisha cherehani. "Keshokutwa mwalimu wa chekechea anawapima. Asiyeweza kusoma atabaki, wenzake wataingia darasa la kwanza."

"Mimi na rafiki yangu tutakaa dawati moja," Pipi alidakia kwa furaha.

Kiherehere aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Mama, nilikudanganya. Ameshika wimbo tu, herufi hazijui."

Mama aliinama akavuta kapu la mabaki ya vitambaa. "Afadhali umesema leo. Lete mkasi."

Walikata herufi kwenye vipande vya jinzi, kitambaa kinachokwaruza kidole. Pipi aliipapasa s akisema, "Sss," kisha i, "Iii." Mama akazisogeza mpaka zikagusana. "Haya, ziunge."

"Sss-iii... si. Mama, si! Nimeiunga mwenyewe!"

Tangu hapo nyumba haikukalika. Walichora herufi sakafuni kwa chaki. Kiherehere akitaja "mo", Pipi anarukia m, kisha o. Alijigonga kwenye cherehani mara mbili na hakulia. Alhamisi hata mama aliweka kando sketi ya mteja, akaruka naye.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, Kiherehere alichungulia dirishani mwa chekechea. Mwalimu alimpa Pipi kadi ambayo hajawahi kuiona. Pipi alifungua kinywa aimbe, akakifunga. Kisha kidole chake kikaanza kupita juu ya herufi, moja baada ya nyingine.

"Sss... si. Mmm... mu. Simu."

Kiherehere alishangilia mpaka akafukuzwa dirishani.

Jioni mama alimvuta karibu. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Ungeficha mpaka leo, mdogo wako angelia peke yake mbele ya wenzake. Ulisema ukweli zikiwa zimebaki siku mbili, na siku mbili zikatutosha."