Dhahabu ya Gunia la Matanga

Mchana kweupe, Wilbroad alisikia mwanamume akiongea ndani ya kibanda chake pale Kanyenye.

"Mke wangu," sauti ilisema polepole.

Aliingia kwa kishindo. Alikuwamo mkewe tu, Flavia, akibandua bodi za simu mbovu kutoka kwenye gunia alilonunua Wilbroad.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Niongee na nani, baba? Simu yangu si unayo wewe tangu asubuhi?"

Kweli alikuwa nayo mfukoni, lakini wivu ulimkaba vilevile. Ndoa yao ilikuwa bado mbichi. Pete ya Flavia waliitengeneza wenyewe: walilowesha bodi za kwanza za gunia hilo kwenye asidi, wakachuja, wakayeyusha, na sonara akakifua kile kidonge cha dhahabu kilichobaki.

Kibanda nacho kikaanza kunuka mishumaa na maua yaliyonyauka, kama nyumba yenye msiba. Siku moja Wilbroad alijificha nyuma ya magunia ili amfumanie huyo hawara, akamwona Flavia amesinzia mezani, na kutoka kwenye beseni la bodi zisizo na betri wala spika, asidi ikitokota bila moto, ile sauti ikapanda tena, safari hii ikiita, "Esperansi, mke wangu."

Flavia alizinduka. "Esperansi ni nani?" alinong'ona. "Mwanamke wako?"

"Ni mjane wa Plasidi, yule fundi simu wa Ulyankulu. Mdogo wa marehemu aliniuzia gunia hili baada tu ya mazishi."

"Kabla ya kuanua matanga? Mali ya marehemu haijagawiwa, wewe unainunua?"

"Nilijua. Bei ilikuwa chee."

Walilirudisha gunia Ulyankulu. Katekista alisali, akanyunyiza maji ya baraka.

"Kila kitu chake kimerudi?" Esperansi aliuliza.

"Kila kitu, dada," alijibu Wilbroad. Flavia alificha mkono ndani ya kitenge. Pete ile aliipenda mno.

Harufu ikaisha. Wilbroad akaanza tena kupiga mluzi kazini. Kisha adhuhuri moja, Flavia akichambua mchele uani, sauti ikarudi, na haikumtaja tena Esperansi.

"Flavia," iliita. "Mke wangu."

Wilbroad alikimbilia mlangoni. Mkewe alikuwa ameuinamia mkono wake wenye pete, na kwa upole ambao hajawahi kumwonyesha yeye, akaitika:

"Abee, mume wangu."