Gundi ya Keji

Kila Jumamosi asubuhi Keji alisugua masufuria kwa majivu, akafagia uwanja, akachota maji bombani, halafu akaketi na vitabu vyake. Hapo hutakiwi kumwita. Ukimwita mara ya kwanza hasikii, ukimwita mara ya pili anaitika bila kuinua kichwa. Mama yake, Madina, alikuwa amekwisha kwenda sokoni Arua kuuza njugu na maharage, kwa hiyo aliyebaki kumwita bure alikuwa Scholastique.

Scholastique alikuwa msichana wa miaka kumi na saba kutoka ng'ambo ya mpaka, Zaire. Mama yake ndiye aliyewapa akina Keji nyumba na kipande cha shamba walipokimbia vita, wakati Keji bado anabebwa mgongoni. Walikaa kwake miaka mingi. Siku ya kurudi Uganda, Madina alimshika yule mama mkono akamwambia, "Hii mutoto yako akikuwa mukubwa, mulete Arua. Atakaa na mimi, atajifunza cherehani." Ahadi ilitimizwa. Asubuhi Scholastique alipika na kutwanga, na mchana alikwenda kwa fundi Asumani, aliyekuwa na cherehani mbele ya duka moja sokoni, akajifunza kukata na kushona.

Keji alimwita Yaya, kwa sababu kule Zaire yaya ni dada mkubwa. Majirani zao wa Oli, mtaa wao pale Arua, walisikia vingine. Kwao yaya ni mtumishi wa kulea watoto. Mwanzoni Madina aliwasahihisha. Baadaye aliacha, na sidhani alikuwa amechoka tu. Mwanamke aliyerudi kutoka uhamishoni mikono mitupu huona raha kidogo majirani wakidhani ana mtumishi.

Mwaka huo, 1989, Keji alikuwa darasa la sita. Mwalimu Candia, ambaye wakati wa vita alifundisha Kenya, alirudi na sanduku la vitabu vya Kiswahili, akaanzisha chama cha wasomaji. Kila mwanachama aliazima kitabu, akakisoma, kisha akatafuta picha au habari inayohusu alichosoma na kuibandika katika daftari kuukuu. Waliliita kitabu cha kubandika. "Mwisho wa mwaka," alisema Mwalimu Candia, "kila mmoja atasimama mbele ya wazazi, atueleze mwaka wake wa kusoma."

Keji alikolea. Alisoma habari za treni bila kuwahi kuona treni, akasoma habari za mfalme mlafi, za mpiga ngoma kipofu, za wavulana waliopotea msituni. Magazeti aliyapata sokoni, yakiwa yamefungia mihogo ya kukaanga, yamelowa mafuta. Aliyapiga pasi ya mkaa yakanyooka, akakata picha kwa wembe. Alipopata picha ya treni alikaa nayo siku nzima kabla ya kuibandika.

Shida ilikuwa gundi. Madukani haikuwapo. Mwalimu Candia aliwaambia wakwangue mabaki ya uji sufuriani, nao wakakwangua, lakini mabaki yalikuwa na mabonge, na baada ya wiki karatasi ziliota ukungu na kubanduka. Keji akagundua njia yake. Unga safi wa muhogo, ukikorogwa katika maji ya moto na kuchujwa kwa kitambaa, ulitoa gundi laini isiyoachia. Wenzake walipoona, wakaitaka. "Keji, tupe gundi," walimbembeleza, na kila aliyepewa alimletea picha. Mwanzoni alichota unga wa kiganja kimoja. Kufikia katikati ya mwaka alichota bakuli.

Na unga mwaka ule ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Muhogo ulikuwa umeoza mashambani Pajulu, wakulima wenyewe walikuwa wakinunua. Madina alihifadhi unga wa nyumba katika debe lenye kifuniko, na jioni moja alifungua kifuniko hicho akasimama akiangalia ndani.

"Hii unga naisha namna gani?" aliuliza. "Scholastique, unapeleka wapi?"

"Mimi sikupeleka fasi yoyote, mama."

"Basi panya iko nakula na kijiko?"

"Haiko mimi, mama."

Keji alikuwa pembeni, daftari mapajani. Tusimtafutie visingizio. Alielewa tangu neno la kwanza, na neno la kusema lilikuwa fupi. Lakini alifikiri mama yake atapoa kufikia asubuhi na mambo yatakwisha yenyewe. Watu wengi hufikiri hivyo, wadogo kwa wakubwa.

Madina hakupoa. Asubuhi alikwenda bombani na ndoo, na huko, mbele ya wanawake waliokuwa wakingoja maji, akasema, "Yaya yangu ni mwizi. Anachukua unga yangu, anaenda kuuza." Hakusema mtoto wa rafiki yangu. Hakusema mtoto wa mwanamke aliyenipa pa kulala. Alisema yaya yangu. Kabla ya mchana habari zilikuwa zimefika sokoni kwa fundi Asumani.

"Mimi nashika kitambaa ya watu," Asumani alimwambia Scholastique bila kumtazama. "Mutu wa namna hii, siwezi kuweka karibu."

Scholastique alirudi nyumbani akafunga nguo zake katika kitenge. Madina alikuwa bado sokoni. Keji alisimama mlangoni. Scholastique alimaliza kufunga fundo, akamgeukia.

"Keji, wewe uko hapa Jumamosi zote. Haukuona mutu na hii unga?"

"Sikuona," akasema Keji.

Scholastique alimtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyejibiwa alichotaka kujua. Akajitwika mzigo wake akaenda.

Tangu siku hiyo Keji aliogopa hata kuligusa debe. Aliwaambia wenzake gundi imekwisha. Basi unga ukatulia, ukawa unapungua kwa kiasi cha chakula tu, na Madina alipoona hivyo alisema kwa ushindi, "Unaona? Tangu alitoka, unga haiishi tena." Keji aliinamia sahani yake. Usiku hakulala vizuri, lakini asubuhi alisoma, na jioni akabandika, kwa mabaki ya uji.

Siku ya wazazi ikafika. Madina alifunga biashara mapema, akavaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, akaketi benchi la mbele. Wanafunzi walisimama mmoja mmoja na madaftari yao. Keji alipoitwa, daftari lake lilikuwa limenenepa kiasi cha kukataa kufunga, na wazazi walinong'onezana. Alieleza mwaka wake vizuri. Alieleza jinsi hadithi ya mpiga ngoma ilivyomliza, jinsi alivyosoma kitabu kimoja akachukia mwisho wake, jinsi gazeti la kufungia mihogo lilivyompa treni. Watu walicheka, wakapiga makofi. Kwa muda huo mfupi Keji alisahau kila kitu isipokuwa makofi.

Mwalimu Candia alipekua daftari. "Hapa mbele hakuna picha hata moja iliyobanduka. Waeleze wenzako. Gundi uliifanyaje?"

"Mimi sikutumia mabaki ya uji, Mwalimu," Keji alijibu kwa majivuno. "Nilitumia unga safi wa muhogo. Kila Jumamosi nilikuwa nachota katika debe la nyumbani, ndiyo maana hata wenzangu..."

Hapo akaona uso wa mama yake.

Wazazi wengine walikuwa bado wanacheka, wakisema mtoto huyu ana akili. Madina hakucheka. Alikuwa amefumba mdomo kwa kiganja. Mwalimu Candia, aliyejua habari za Scholastique kama kila mtu alivyozijua, alifunga daftari polepole akamrudishia.

Nyumbani Keji alingoja kipigo, na alikitaka kije, kwa kuwa kipigo kingekwisha. Madina aliketi chini karibu na jiko lililozimika.

"Nilipomuuliza, wewe ulikuwa hapo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Hata yeye aliniuliza, nikasema sikuona."

"Na mimi nikaenda bombani," Madina alisema. "Sikungoja hata siku moja." Akalia, akijifuta kwa kile kitambaa kizuri.

Walisikia kwamba Scholastique yuko Koboko, anaosha vyombo katika hoteli moja. Koboko ndiko kwao Madina, alikojulikana. Siku iliyofuata walipanda lori, wakafika wamejaa vumbi jekundu. Hotelini watu walikuwa wakila. Madina alisimama katikati yao, akapaza sauti, "Jamaa, mimi nakuja kusema mbele ya watu yote. Hii binti..."

Scholastique alitoka nyuma mbio, mikono ina sabuni. Alimshika Madina mkono, akamvuta hadi uani.

"Mama, tafadhali. Hapa hakuna mutu anajua hiyo maneno. Usiilete."

"Lakini nataka kusafisha jina yako."

"Jina yangu ilichafuka Arua. Uende uisafishe kule kule."

Madina alikuwa amekuja na maneno mazuri aliyoyapanga njia nzima, na sasa hayakuwa na kazi. Keji akasogea.

"Yaya, unisamehe. Unga nilichukua mimi. Nilisema sikuona."

"Nilijua," Scholastique alisema.

"Ulijua?"

"Kila Jumamosi nilikuona unachuja gundi na kitambaa. Nilifikiri mama anajua. Siku ile mama aliuliza, ndiyo nilielewa hajui."

"Kwa nini haukusema?" Madina aliuliza.

"Nikisema ni Keji, ungeamini nani, mama? Mutoto yako ao mimi?" Alisema hivyo bila hasira, na Madina akatazama chini. "Niliacha Keji aseme yeye. Hata nilimuuliza mara ya mwisho. Alisema hakuona, nikafunga mizigo."

Kutoka ndani mtu aliitisha sahani. Scholastique aliwaaga kwa adabu, akarudi kazini.

Basi Madina alirudi Arua, akaenda bombani. Kusema uwongo bombani kulikuwa kumechukua muda wa kujaza ndoo moja tu. Kusema ukweli kulimchosha. Mwanamke mmoja alihamia Pajulu, ikabidi afuatwe. Mwingine alibisha kwamba lazima msichana aliiba kitu fulani, kama si unga basi sabuni. Na wale waliocheka zaidi siku ile walisema, "Sisi tulijua tu haiko yeye." Madina aliwasikiliza wote, na kila mmoja alimwambia, "Mimi ndiye nilisema vibaya. Na haikuwa yaya yangu. Mama yake aliniweka nyumbani kwake."

Kwa Asumani alikwenda Keji mwenyewe, mchana, wateja wakiwapo. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwizi wa unga alikuwa yeye. Asumani alikohoa, akashika uzi ambao haukuwa umekatika.

"Mimi nilisikia watu tu," alisema.

"Uliambiwa uwongo, fundi. Tafadhali mwite wewe mwenyewe. Sisi akituona hatakuja."

Nafasi ya Scholastique Asumani alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine, lakini aliona haya mbele ya wateja wake, akatuma salamu Koboko kwa dereva wa lori. Mwaka mpya ulipoanza Scholastique alirudi Arua. Alipewa kigoda pembeni, akaanza tena kukata shingo za magauni. Hakurudi kwa Madina. Alipanga chumba na mama mmoja wa kwao, upande wa pili wa Oli.

Sikukuu ya Idi ilipofika Madina alichinja kuku, akapika wali, akaweka sahani tatu. "Nenda umuite yaya yako," alimwambia Keji.

Scholastique alikuwa mbele ya mlango wake, anapindia sketi kwa mkono. Alimpokea Keji vizuri, akamuuliza habari za shule, akamnyooshea kola ya gauni. Keji alipomwambia kwamba mama anamngoja, alirudisha macho kwenye sindano.

"Mwambie mama asante sana," alisema. "Mimi nimeshiba."

Ilikuwa bado asubuhi, na jiko lake lilikuwa baridi.

Keji alirudi peke yake akaeleza. "Bado anatukasirikia, mama?"

"Hapana. Yeye alisamehe zamani, hata kule Koboko," Madina alisema. "Lakini kusamehe ni kitu moja, kurudi kula na mutu ni kitu ingine. Yale nilisema bombani, niliweza kuzunguka na kuyarudisha. Siku ile ya kwanza alikuwa hapa kwetu, anangoja mutu mmoja aseme ukweli, na wewe haukusema, na mimi sikungoja. Hiyo siku siwezi kuirudisha. Siku ingine mutu akishikwa kwa kosa yako, Keji, sema pale pale, wakati bado anakaa na wewe. Na mimi nikisikia jambo, nitauliza vizuri kabla ya kubeba ndoo."

Alichukua ile sahani ya tatu, akaifunika kwa nyingine, akaiweka kando. Wakala wawili.