Uvumi Alioanzisha Magdaline

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Magdaline alipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, upande wa chini wa shamba lao la chai karibu na Kipkelion. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Siku hizo aliipenda kazi hiyo kwa sababu ilimtoa nyumbani.

Baba yake, Bethwel, alikuwa Mkipsigis. Mama yake, Wamuyu, alikuwa Mkikuyu. Mama akicheka kwenye simu kwa Kikuyu, baba alinuna akidhani anasengenywa. Jamaa za baba wakija na kuzungumza Kikipsigis mezani, mama naye alinuna. Kisha maneno makali yalifuata, na Magdaline alijifanya hasikii.

Kituoni alikutana na rafiki yake, Valary. Wazazi wa Valary pia walitoka makabila mawili: Benard alikuwa Mkipsigis na Nyakerario Mkisii. Zamani walizozana mpaka majirani wakasikia. Lakini tangu waanze kuhudhuria mafunzo ya wanandoa kanisani kila Jumamosi, nyumba yao ilikuwa imetulia.

"Jana baba alipika mboga kama wanavyopika kwao mama, Kisii," Valary alisema. "Ziliungua kidogo. Tulicheka sana."

Magdaline alitabasamu, lakini moyoni aliumia. Kwa nini wao? Walipopita shamba la kina Valary, Benard na Nyakerario walikuwa wakichuma chai bega kwa bega, wakiongea. Magdaline akageuza uso.

Wakati wa mapumziko, Valary hakuwapo. Magdaline aliwaambia wasichana wenzake, "Mnajua kwa nini wazazi wa Valary huenda kanisani Jumamosi? Wanataka kuachana. Hayo masomo ni ya watu ambao ndoa imewashinda."

"Nani amekuambia?" mmoja wao, Apiyo, aliuliza.

"Najua tu."

Kufikia Alhamisi maneno hayo yalikuwa yamefika kituo cha maziwa. Mzee mmoja alimuuliza Benard, mbele ya watu, mke wake anarudi Kisii lini. Benard aliondoka zake. Jumamosi hiyo yeye na Nyakerario hawakwenda kanisani.

Jumatatu Valary alikaa peke yake, macho yamevimba. Hakujua nani alianzisha uvumi huo, kwa hivyo Magdaline alipomkaribia, alimweleza yote. "Baba amesema harudi kule kuchekwa. Leo asubuhi wamegombana tena."

Magdaline alidhani akisikia hivyo angefurahi. Badala yake, alitamani kuyarudisha maneno yake.

Jioni aliwakuta wazazi wake wakipukuchua mahindi. "Ni mimi niliyesema wazazi wa Valary wanataka kuachana," alisema. "Nilidanganya."

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Niliwaonea wivu. Wao walijifunza kuacha kugombana. Sisi bado."

Bethwel aliweka gunzi chini. Alimtazama mke wake. "Vaa viatu," alisema. "Twende sote."

Kwa kina Valary, Magdaline alikiri kila kitu akiwa amesimama. Valary aliinuka akaingia chumbani. Benard alikunja uso. "Unajua umenitia aibu kiasi gani?" aliuliza.

"Najua, baba. Naomba mnisamehe."

Bethwel alikohoa. "Benard, Jumamosi mkienda, na sisi tutakuja. Shida mliyokuwa nayo ndiyo yetu."

"Na watu wakikuuliza?"

"Nitawaambia naenda kujifunza."

Benard akamvutia kiti.

Kesho yake Magdaline aliwaambia wanafunzi wenzake ukweli. Zilipita siku nne kabla Valary hajazungumza naye tena.

Wazazi wake walianza mafunzo. Nyumbani walifanya zoezi walilopewa: mmoja aseme, mwingine arudie alichosikia kabla ya kujibu. "Ukicheka kwa lugha nisiyoijua," baba alisema, "naona kama nimefungiwa nje." Mama aliyarudia maneno hayo polepole. Kisha akamwambia kwamba naye huona hivyo hivyo jamaa za mumewe wakija na kuzungumza Kikipsigis. Baba alishangaa. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, na hakuwahi kumuuliza. Bado walibishana, hasa kuhusu ng'ombe, lakini sasa walimaliza mabishano yao siku hiyo hiyo.

Jumamosi ya tatu, Magdaline aliwasubiri wazazi nje ya kanisa. Nyakerario ndiye aliyetoka kwanza.

"Binti yangu," alimwambia, "kumwonea mtu wivu si ajabu. Hata mimi huona wivu. Lakini uliona kitu kizuri kwetu, na badala ya kuuliza tumekipataje, ukataka tukipoteze. Tulipokipoteza, wewe ulipata nini?"

"Sikupata chochote, mama."

"Siku nyingine uliza. Hata Valary angekueleza."

"Ni kweli," Magdaline alisema. "Ningeuliza tu."