Kasha Lililokataa Wageni

Taa za Chumba cha Jua zilikuwa zimewaka tangu alfajiri, na hewa ya humo ndani ilikuwa kali kiasi kwamba mtu asingeweza kusimama akamaliza salamu. Chumba hicho kilikuwa chini kabisa ya Nyumba ya Vipimo, jijini Dodoma, ambako kila chombo kipya kilipelekwa kuteswa kabla hakijauzwa. Safari hii zamu ilikuwa ya kasha kubwa jeupe, pana kiasi cha kulaza mbuzi wawili waliochinjwa. Mkono wa roboti ulishuka kutoka darini, ukainua kifuniko, ukatoa chupa ya maji na kufunga. Chupa ilitoka baridi mpaka ikatiririka jasho.

Nyuma ya kioo, Mhandisi Nakiete Mbwambo alijikuta anatabasamu. Makasha baridi ya safari aliyowahi kuyapima yalikuwa na maneno mengi na baridi kidogo. Barafu huyeyuka, nyama ikaelea majini, lastiki ya mdomo ikalegea, na baada ya siku chache kambini familia inakula mikate mikavu huku ikitupiana lawama. Hiki kilikuwa kitu kingine. Kiliitwa Kipupwe. Kuta zake zilikuwa za povu-ombwe, yaani povu gumu lenye vitundu ambavyo ndani yake hamna hata hewa, kwa hiyo joto halina pa kupitia. Mgongoni kilikuwa na mapezi ya chuma yaliyotema joto nje, na nguvu kilizipata kwenye tandiko la jua, kitambaa ambacho mtu hukitandaza chini kama mkeka wa kuanikia mpunga. Kilikuwa na magurudumu manne, kikimfuata mwenyewe popote aendapo.

"Umeona?" alisema Lameck Ng'wandu, mbunifu wa Kipupwe, Msukuma mrefu mwenye sauti ya upole. "Adui wa baridi si jua, Mhandisi. Ni mkono wa mtu."

Kwa ajili ya mkono huo alikuwa amebuni bawabu. Bawabu ilikuwa akili mnemba ndogo iliyokaa ndani ya kifuniko, ikihesabu baridi iliyobaki na kila mara kasha linapofunguliwa. Ikiona mambo yanaharibika, inafunga na haifungui tena mpaka baridi irudi mahali pake.

"Na mwenye kasha akitaka kulifungua kwa lazima?" Nakiete aliuliza.

"Hawezi. Hata mimi siwezi. Ufunguo niliukataa makusudi. Ukiwapa watu ufunguo watasema 'mara moja tu', na hiyo mara moja haina mwisho."

Nakiete alicheka, kwa sababu alimwona mjomba wake mzima mzima ndani ya maneno yale. Akatazama tena mkono wa roboti. Ulikuwa ukiigiza Familia ya Kielelezo, ambayo Nakiete mwenyewe aliitunga alipoanza kazi: baba, mama na watoto wawili wenye adabu zao. Hufungua kasha asubuhi, mchana na jioni, huchukua wanachokitaka na kufunga. Hawakuwa na jirani, hawakuwa na ndugu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwatembelea. Kwa familia ile Kipupwe kilifaulu kuliko chombo chochote kilichowahi kuingia chumbani mle.

Kilichobaki kilikuwa kukipima porini, kisha Nakiete akipige muhuri. Na hapo ndipo alipomfikiria mama yake.

Mama yake, Bi. Eliwaza, alikuwa akitumia matone hai. Yalikuwa chembe za macho yake mwenyewe, zilizooteshwa maabara na kuwekwa kwenye vichupa, naye alitonea kila siku alasiri. Akikosa, ukungu huanza kutanda machoni, na ukungu ukiachwa ukae, haubanduki tena. Matone yale hufa yakiguswa na joto. Kwa hiyo mama huyu, aliyezaliwa chini ya milima ya Upare, hakuwa ametoka Dodoma tangu Nakiete akiwa msichana wa shule. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ila kila msimu wa mvua alikuwa anauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Hivi kule Upare mawingu yameshashuka mlimani?"

Nakiete alikata shauri. Alimweleza Lameck kila kitu, na Lameck akasema, "Basi tumpeleke mama. Kama hakimfai yeye, nimetengeneza sanduku la soda."

*

Gari la angani liliwashusha watatu hao kwenye uwanda mwekundu ulio kati ya mbuga na milima, likaondoka. Bi. Eliwaza alisimama palepale liliposhuka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, akaivua tena.

"Ipo," alisema. "Milima yote ipo. Nilidhani labda mmeihamisha na yenyewe."

Siku zile za kwanza zilikuwa raha tupu. Nakiete alilipima kasha kwa bidii ya mtu anayemtafutia dada yake mchumba. Alilikalia, alisimama juu yake, alilisukuma kwenye mchanga na kwenye mawe. Aligundua kwamba likijaa, watu wawili hawalinyanyui bila kutukana, na kwamba vishikio vinakata vidole. Tundu la kutolea maji lilikuwa mahali pazuri, halimwagikii miguuni. Nyani walikuja kundi zima, wakalipiga mateke, wakavuta kifuniko kwa zamu, wakaondoka wameudhika. Ndani, nyama ilikuwa ngumu kama siku ya kwanza, na vichupa vya mama vilikaa kwenye kona yao, baridi shwari. Kila alasiri Nakiete alitoa kimoja, akamtonea mama, akashusha pumzi.

Kisha habari zikafika vijijini kwamba Eliwaza amerudi.

Wa kwanza alikuwa mdogo wake, Nambua, aliyekuja na debe la maziwa ya mgando na kilio cha kusikika mbali. Nyuma yake alikuja Mjomba Safieli na miwa, na nyuma ya mjomba wakaja watu ambao Nakiete hakuwajua hata mmoja, ila wote walimjua yeye na wakamwambia alivyokuwa akilia utotoni. Walikuja na sufuria za makande, na ndizi, na kuku hai. Mvumo wa salamu haukukatika.

Sasa, nani angewaacha watu hao wakae juani na koo kavu, wakati ndani ya kasha kuna maji baridi? Bi. Eliwaza mwenyewe alisimama karibu na kifuniko kama mwenye nyumba siku ya harusi. "Mpe mjomba wako. Mpe na yule aliyembeba mtoto. Huyu amekuja kwa miguu, mpe mbili." Na kila aliyepewa alikuwa ameleta kitu, na kitu cha mgeni hakiachwi nje kikachacha. Maziwa yakaingia kwenye kasha yakiwa na joto la jua. Makande yakaingia yakiwa na joto la jiko.

Bawabu ilionya mara ya kwanza kwa sauti nyororo. "Ndugu mteja, baridi yenu inapungua." Watoto wakafurahi sana kusikia sanduku linaongea, wakafungua tena ili liseme tena.

"Mhandisi," Lameck alimnong'oneza Nakiete, uso umemshuka. "Waambie wasubiri."

"Nimwambie nani? Yule ni mama mdogo. Hajamwona dada yake tangu mimi nikiwa shule."

Kifuniko kikashuka chenyewe. Kikalia *ta*, kwa ndani, mlio wa komeo.

"Samahani sana," ilisema bawabu. "Nimefunga ili kulinda baridi yenu. Nitafungua hali itakapotengemaa. Asanteni kwa uvumilivu."

Watu walicheka. Nakiete hakucheka. Jua lilikuwa limeshaanza kuinamia upande wa magharibi, na saa ya matone ilikuwa imefika. Dawa ilikuwa ndani, salama salimini, na mgonjwa alikuwa nje.

*

Alianza kwa upole. Aliieleza bawabu kwamba ndani kuna dawa, kwamba ni ya macho, kwamba ni ya mama yake. "Ombi lako limepokelewa," ilijibu bawabu, na komeo halikutikisika. Lameck alichomeka kifaa chake, akabonyeza, akabonyeza tena, jasho likimtoka. Mlango wa siri haukuwapo kwa sababu yeye mwenyewe hakuujenga. Mjomba Safieli akaleta panga. Alilipiga lile kasha mapigo ya kuangusha mgomba, na panga likapinda. Kwa upande wa uimara, chombo kilistahili alama zote, na Nakiete alitamani kulia.

"Nilifikiria kila kitu," Lameck alisema taratibu. "Jua, vumbi, fisi. Nilifikiria watu wezi na watu wazembe. Sikuwahi kufikiria watu wanaopendana."

"Hata mimi," alisema Nakiete. "Ile familia ya chumbani ni yangu. Niliitunga mimi, mtoto wa nyumba isiyopitisha siku bila mgeni."

Bi. Eliwaza alikuwa ameketi kwenye kigoda, mdogo wake akimshika mkono. "Nakiete," aliita. "Mlima wa kushoto umeingia ukungu. Ni mawingu au ni mimi?"

Anga lilikuwa jeupe kabisa, bila wingu. Nakiete alipiga magoti nyuma ya kasha, ndipo upepo wa moto ulipompiga usoni. Mapezi ya chuma yalikuwa yanatema joto la makande na la maziwa, na vumbi lote lililotimuliwa na wageni lilikuwa limeyaganda, na kwa kuwa hewa ya nje nayo ilikuwa ya moto, joto halikuwa na pa kwenda. Kasha lilikuwa likihangaika kama mtu mwenye homa aliyefunikwa blanketi. Na mtu mwenye homa kila mmoja pale alijua anafanywa nini.

"Kanga!" alipaza sauti. "Naomba kanga zote, na maji! Tulipoze hili sanduku!"

Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Wanawake walivua kanga za mabegani. Wanaume wakashika kasha, si wawili bali kundi zima, wakalinyanyua na kulipeleka kivulini, na safari hii vishikio havikukata vidole vya mtu kwa kuwa vidole vilikuwa vingi. Tandiko la jua lilibaki juani, waya wake umevutwa hadi kivulini. Ndoo zilipokezanwa kutoka kijito kilichokuwa jirani, mkono kwa mkono. Waliosha mapezi, wakayavisha kanga mbichi, wakasimama kwa zamu wakipepea kwa ungo, kwa sinia, kwa kofia ya Mjomba Safieli. Maji yalikauka kwenye nguo yakilichukua joto, wakamwaga mengine. Lameck Ng'wandu, aliyeapa kwamba mkono wa mtu ndio adui, alikuwa amevua shati lake na kulilowesha.

Ndipo kifuniko kikalia *ta*.

"Baridi imerejea," ilisema bawabu. "Karibuni."

Nakiete aliingiza mkono, akatoa kichupa, akafunga kabla vifijo havijaisha. Mama mdogo akamshikia mama kichwa, na tone likaanguka kwenye jicho moja, kisha jingine. Bi. Eliwaza alifumba macho, machozi ya baridi yakimshuka mashavuni. Alipofumbua, hakutazama mlima. Alimtazama mdogo wake, karibu sana, kwa muda mrefu.

"Nambua," alisema. "Umezeeka mwenzangu."

"Na wewe umekuwa bibi kizee," Nambua alijibu akilia, na kicheko kilichofuata kiliwatoa ndege mitini.

Kisha mama akaanza kuzunguka, akimshika kila mmoja uso. Wewe ni mtoto wa fulani, pua hiyo naijua. Wewe ulikuwa unaniibia karanga. Hakumruka mtu.

Kando, Lameck alikuwa amekaa chini na kifaa cha muhuri mapajani. Alikisukuma kwa Nakiete. Kioo kilikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua, *Kimefaulu* na *Bado*. Nakiete alijua fika kwamba akichagua la pili, kasha litarudi karakana, na pengine msimu mzima wa mvua utapita kabla mama hajapanda tena gari la angani. Aliwaza pia juu ya mtu mwingine, mahali pengine, ambaye hatakuwa na ukoo mzima wa kumpepea. Alibonyeza *Bado*.

"Sawa," alisema Lameck, na sauti yake haikuwa na kinyongo. "Bawabu nitaiachia kazi ya kuonya tu, komeo libaki mikononi mwa watu. Na nitatoboa mlango wa pili pembeni, wenye chumba chake, wa wageni. Wafungue mpaka wachoke." Alikuna kidevu. "Ila wewe uniandikie familia mpya ya kupimia. Ile ya zamani ife."

"Siiandiki," Nakiete alisema. "Nitakuja nayo hai."

Bi. Eliwaza alikuwa amewasikia. Alikuja akaketi juu ya kifuniko, kanga mbichi zikining'inia kila upande wa kasha.

"Kwa hiyo limefeli?"

"Limefeli, mama. Litatengenezwa, halafu lazima lipimwe upya."

"Hapahapa?"

"Hapahapa. Na wote hawa wawepo, au kipimo hakihesabiki."

Mama aliinua macho kwenye mlima wa kushoto, uliokuwa umesimama wazi mpaka miti ya kileleni. Nambua, ambaye hakuelewa sana mambo ya muhuri ila alielewa kwamba wamealikwa, aliweka ungo chini na kupangusa jasho.

"Haya," alisema. "Ila safari hiyo mtupe taarifa mapema. Leo tumekuja wachache."