Nikulipe Kwanza

"Chukua bahasha yako," Mtaalamu alisema, akaisukuma juu ya meza ya kukatia nguo mpaka ikagota kwenye mkasi. "Sikuifungua, na sitaifungua."

Sindano aliacha kukanyaga cherehani. Bahasha ile aliipeleka mwenyewe jana yake, akamwachia dada wa Mtaalamu mlangoni, akaondoka mbiombio kama mtu aliyeiba. Alijua kilichomo: hela ya kununulia vocha na soda. Kwa kazi ya miezi mitatu.

"Ni kidogo, najua," alisema.

"Sijui kama ni kidogo au nyingi. Mimi sikukifanyia kazi kikundi. Nilikufanyia wewe."

Akatoka. Sindano alibaki ameshika gurudumu la cherehani, hashoni, haondoki.

Jina la Sindano alipewa kwa ajili ya kazi yake, na kidogo kwa ajili ya ulimi wake. Miaka minne nyuma mama yake aliondolewa titi moja kwa sababu ya saratani, akajifungia ndani, hata dukani hataki kwenda. Sindano akamshonea titi la kitambaa laini, akalijaza pamba na mtama kidogo ili liwe na uzito wake, akalitia kwenye sidiria. Mama akajitazama kiooni, akageuka kushoto, akageuka kulia, kisha akauliza viatu vyake viko wapi. Kikundi kilianzia hapo. Wanawake saba, chumba kimoja, na matiti ya kitambaa yanayotolewa bure kwa yeyote aliyetoka kwenye upasuaji.

Tatizo likawa hili. Mwanamke anafika mpaka mlangoni, anakuta watu, anajifanya anaulizia bei ya sare za shule, anarudi zake. Mtaalamu, rafiki yake Sindano tangu darasa la tano, ndiye aliyesema kwamba watu hawa wanahitaji mahali pa kuomba bila kutazamana na mtu usoni. Yeye kazi yake ni kutengeneza tovuti. Akaja na kompyuta yake, akakaa pembeni ya marobota ya kitambaa, akawa anawauliza wanawake maswali huku masikio yamemwiva kwa haya: upande gani, ukubwa gani, rangi gani ya ngozi, mzigo ufungwe vipi ili jirani asijue kilichomo. Tovuti ilipofunguliwa, wiki ya kwanza yalikuja maombi arobaini na moja.

Mfadhili wao alikuwa ametenga fungu la tovuti hiyo. Lakini Shangazi yake Sindano, ambaye ndiye mhazini, alisema fungu hilo liende kwenye pamba. Alisema yule kijana ni wa nyumbani, na urafiki hauna risiti. Sindano alipobisha, Shangazi akakubali wampe "cha kumshukuru". Ndiyo ikawa ile bahasha.

Siku ile kazi haikwenda. Sindano alipima mkono wa blauzi ya mteja mara mbili, bado akaukata mfupi. Simu aliilaza kifudifudi, akaigeuza, akailaza tena. Alimwandikia Mtaalamu: "Njoo tuongee." Akaona upande wa pili unaandika, unaacha, unaandika, unaacha. Mwisho ikaja meseji moja tu: "Niko sawa. Usijali."

Neno hilo ndilo lililomkosesha raha kabisa. Asubuhi yake alikwenda kwao. Mtaalamu hakuwepo. Dada yake, mwalimu, alikuwa anapiga pasi nguo za kazini. Alimkaribisha kiti, lakini uso wake haukukaribisha mtu. Sindano hakukaa. Alisimama, akazungukazunguka, akafika dirishani, akarudi, na macho yake yakaishia kwenye meza ya Mtaalamu, pale palipokuwa na kioo kikubwa cha kompyuta. Palikuwa patupu.

Akaambiwa ukweli wote bila kufunikwa. Kioo kimeuzwa ili kodi ya chumba ilipwe. Kuna hoteli ilimtaka aitengenezee tovuti mwezi uleule alioanza ya kikundi, akaikataa, eti ana kazi mkononi. Na alikuwa amemkataza dada yake asiseme.

"Mtu akikuletea kitambaa cha gauni la harusi, akasema ni rafiki yako, unamshonea bure?" dada aliuliza.

Sindano aliitazama tena meza ile tupu.

"Mimi mwenyewe ulinitoza," dada akasema, akaigeuza nguo upande wa pili. "Na sikununa. Ulikuwa umefanya kazi."

Njia nzima ya kurudi, Sindano alitembea haraka bila kuwa na mahali pa kuwahi. Alitafuta kwa simu watengeneza tovuti watatu, akawaeleza kazi ilivyo, akauliza bei kama mteja asiyemjua mtu. Wote watatu walitaja bei zinazokaribiana. Akaziandika, akaitisha kikao cha kikundi mchana uleule.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani. Hakuwa mchoyo mwanamke yule. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma maombi yale moja moja, mengine akiyasoma huku analia. Akasema kila hela watakayompa Mtaalamu ni mwanamke mmoja wa kusubiri mwezi mwingine ndani ya nyumba. Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

"Na isitoshe, mwanangu, kijana anakupenda," akamalizia. "Kila mtu humu anaona isipokuwa wewe. Mwache akupende kwa vitendo."

Sindano alihisi uso unamchoma, lakini alikuwa ameshapiga moyo konde.

"Kitambaa tunanunua kwa bei ya dukani, Shangazi. Mbona mwenye duka hatumwambii atupende?"

Mmoja akacheka, akajizuia.

"Kama ananipenda, mapenzi hayo ni yangu," Sindano aliendelea. "Si ya kikundi. Hatuwezi kuyaweka kwenye bajeti. Hela hii tuliiombea tovuti. Tovuti ipo. Aliyeitengeneza ameuza vyombo vyake vya kazi ili sisi tuonekane wakarimu."

Habari ya kioo kuuzwa hawakuwa nayo. Shangazi alivaa miwani, akaivua tena, akauliza kama ni kweli. Kisha akafungua daftari lake mwenyewe, akaandika malipo hayo bila kusubiri kura. Alisema tu kwamba mtu mzima akikosea njia hurudi, hakimbilii mbele.

Jioni Sindano alimkuta Mtaalamu chumbani kwake, ameinamia kompyuta ndogo. Alipoona hela na hati ya malipo yenye jina lake na kiasi chake kamili, alisimama, akaanza kwenda na kurudi kati ya kitanda na mlango.

"Dada amekwambia. Sasa mnanihurumia."

"Hii ndiyo bei ya kazi yako. Nimeuliza watu watatu."

"Mimi sikukuomba bei. Unajua maana ya hii? Maana yake ni kwamba tumemalizana. Kama fundi bomba. Amekuja, ameziba, amelipwa, kwaheri."

"Nani amesema kwaheri?"

Alisimama, akamtazama, na maneno yakamtoka kama aliyechoka kuyabeba. "Miezi mitatu nimekuja kwako kila siku. Siku nyingine hakukuwa na kazi yoyote, nilikuwa nabadilisha rangi ya kitufe na kuirudisha. Ukinilipa yote leo, kesho nitakuja kwa kisingizio gani?"

Sindano alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu asubuhi.

"Na mimi niulize," alisema polepole. "Ningekwambia nakupenda huku nakula jasho lako bure, ungejuaje kama ni mapenzi au ni malipo? Mimi mwenyewe ningejuaje? Nimelala nalo hilo jana, nimeamka nalo. Nilikuwa nikikuona unaingia, nafurahi, halafu najiuliza: nimemfurahia yeye au nimefurahia tovuti?"

Mtaalamu aliitazama ile hati.

"Kwa hiyo nikulipe kwanza. Halafu uje bila kisingizio."

Alichukua zile hela. Hakuona haya. Alizihesabu noti moja baada ya nyingine kama mtu wa kazi, akatia saini kwenye hati, akampa nakala yake. Hapo wote wawili wakakosa la kufanya. Kazi ilikuwa imekwisha, deni hakuna, na bado hakuna aliyetaka kuondoka. Sindano akaaga kwa sababu mtu mmoja alipaswa kuaga. Mkono wake ulibaki ndani ya mkono wa mwenzake muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

Kesho yake alishona huku anatazama mlango. Saa nne ikapita. Saa tano. Alijilaumu, akajipa moyo, akajilaumu upya. Saa sita kasoro Mtaalamu akaingia, amenyoa, shati limenyooshwa, mikono mitupu.

Vyerehani vyote vikasimama kwa pamoja.

"Kuna kilichoharibika kwenye tovuti?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, Shangazi. Inafanya kazi vizuri."

"Sasa umefuata nini, baba?"

Masikio yakamwiva Mtaalamu kama zamani, lakini macho hakuyainamisha.

"Nimemfuata yeye."

Sindano alivua tepu ya kupimia shingoni, akaikunja taratibu, akaiweka mezani. Akamwambia Shangazi kwamba leo atachelewa kurudi. Walipofika nje, wala hawakujua waelekee wapi, basi wakashika tu barabara iliyokuwa mbele yao, bega kwa bega, wakizungumza wote wawili kwa wakati mmoja.