Kaniitie Nesi!

"Toa mkono wako hapo! Kaniitie nesi!"

Aliyemfokea binti ni mchumba wake mwenyewe, tena mbele ya wodi nzima. Binti hakutoa mkono. Alikuwa ameshaifunga dripu ya dawa iliyokuwa ikimwingia mama wa mchumba wake, na vidole vilimtetemeka kila mtu akiona.

"Wewe ni mwanafunzi tu! Si jana umeniambia mwenyewe kazi hii huiwezi?"

Hapo alichomwa pabaya, kwa sababu ni kweli alimwambia. Jana alimtumia ujumbe: "Naacha chuo. Kuna mgonjwa alikuwa anahema vibaya, nikaona, nikaogopa kusema nisije nikachekwa. Bahati sista alimwahi." Naye akamjibu: "Kama moyo umekataa, acha tu mpenzi. Nitakuoa hivyo hivyo." Binti aliusoma akadhani ni mahaba. Kumbe mwenzake alikuwa ameshakubali kwamba hawezi.

Leo alichokiona ni hiki. Mama mkwe huyo mdomo wake haukuwa na likizo. Tangu alazwe kwa ugonjwa wa mapafu, kutwa anamchokoza: "Mkwe wangu, hiyo sindano unaichoma au unaisalimia?" Dawa mpya ilipoanza kuingia, mama alikatiza utani katikati, akajikuna shingo, akanyamaza. Mama yule, kunyamaza!

"Mama, unapumuaje?"

"Koo... linabana."

Midomo ilikuwa imeanza kuvimba. Ndipo binti akafunga dripu, na ndipo mchumba akafoka.

"Nesi ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaipaza. "Sista! Dawa imemkataa mgonjwa! Koo linabana, midomo inavimba, dripu nimeifunga!"

Sista wa zamu alikuja mbio, akatazama mara moja tu, akamchoma mama sindano pajani. Binti akaweka oksijeni. Pumzi ikaanza kurudi, taratibu.

"Umefanya vizuri kutoningoja," sista alimwambia.

Koridoni, kijana alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu.

"Nisamehe. Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Lakini mimi sikukutukana."

"Nilisema tu yale uliyosema wewe."

"Ndiyo yanayoniuma! Nikijidharau, nilitaka mtu mmoja tu duniani anikatalie. Nilidhani ni wewe."

Akamwacha pale, akaenda kulia chooni, kisha akanawa uso akarudi kazini.

Asubuhi yake mkono wa mama ulikuwa umevimba, ikabidi sindano ya dripu ihamishiwe mkono wa pili. Sista alipousogelea, mama akauficha chini ya shuka.

"Yule wa kutetemeka yuko wapi?"

Binti akaja. "Mama, mwache sista akuchome. Mikono yangu unaijua."

"Jana ilitetemeka ikaniokoa. Iache itetemeke, mradi ifike."

Binti akamfunga mpira mkononi, akapapasa mshipa, akachoma. Damu ikachungulia kwenye plastiki. Ameupata, mara moja.

"Ukimkataa mwanangu sitakulaumu, na nimemzaa mimi," mama alisema, sauti bado imekwaruza. "Ila ukiacha chuo, mimi na wewe tumekosana."

Binti alicheka huku machozi yakimtoka. Alipogeuka, kijana alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Hakumtazama sista. Alimtazama yeye.

"Nesi," alisema, wodi nzima ikisikia, "mgonjwa wangu anaruhusiwa kunywa chai?"

Binti alipangusa machozi kwanza. Mama, kwa mara ya pili maishani, alinyamaza.

"Anaruhusiwa. Mkalishe wima kwanza, umnyweshe polepole."

"Sawa, nesi. Na mimi?"

"Wewe nisubiri getini nikitoka zamu. Tutaongea, na utasikiliza."

Zamu ilikuwa inaisha jioni. Kabla hata ya mchana simu ya binti ikalia mlio wa ujumbe: "Nipo getini. Usiharakishe, wagonjwa kwanza."