Kebaya ya Digrii Thelathini na Nne

Jumamosi ile foleni ya Daktari Saraswathy, tabibu wa migongo, ilianzia kliniki ghorofani, ikateremka ngazi, ikapita katikati ya meza za mkahawa wa tambi, ikatokea barabarani. Wapo watu wazima hapa George Town wanaoapa kwamba mgonjwa wa mwisho alikuwa amesimama gatini, viatu vikilowa maji ya kivuko. Mimi nimepunguza kidogo.

Katika foleni hiyo alikuwemo Guat Kheng, mwalimu wa hesabu, miaka arobaini na mmoja, kajifunika gauni pana la kijivu ambalo wanafunzi wake waliliita hema. Chini ya hema palifichwa uti wa mgongo uliopinda kando, digrii thelathini na nne kwa kipimo cha picha ya eksrei. Kijana aliyewahi kumchumbia, alipoiona picha hiyo, alianza kuulizia watoto watakaozaliwa, kisha akaacha kupiga simu. Tangu hapo mwalimu hakumwonyesha mwanamume mgongo wake.

Kila mgonjwa aliiegemeza ukutani bahasha yake kubwa ya kaki, ndani yake picha za eksrei. Mpishi akapaza sauti kwamba tambi za kamba zimebaki bakuli sita. Foleni nzima iliyokuwa ikilia mgongo ikashuka ngazi kama mbuzi, na bahasha zikaanguka chini zote, zikachanganyika.

Alipofika nyumbani, Guat Kheng alichomoa picha akaona mgongo ulionyooka, ila shingo imeinama mbele kama ya bata anayetafuta minyoo. Simu ikaita.

"Haloo, mwalimu? Nadhani tumebadilishana migongo."

"Nani wewe?"

"Teik Seng, fundi cherehani. Kazi yako na namba yako vimeandikwa juu ya bahasha."

"Umeifungua?"

"Nilidhani ni yangu. Nikashangaa, Teik Seng, tangu lini umekuwa mzuri namna hii?"

Akamkatia simu. Mashavu yalimwaka moto. Dakika kumi zikapita, akapiga yeye, kwa sababu picha alikuwa anaihitaji. Ndivyo alivyojiambia.

Walikutana mkahawani. Fundi alikuwa mgane wa miaka hamsini, shati jeupe lenye pasi kali, vidole vimechomwa na sindano, shingo ileile ya pichani.

"Kwa hiyo umeniona mgongo kabla ya uso," alisema Guat Kheng.

"Na uso nao haujaniangusha. Kula, tambi zinapoa."

Ikawa desturi yao. Kila Jumamosi walipanda pamoja kwa daktari, kila mtu na kitanda chake, pazia katikati. Daktari alibonyeza maungo ya Guat Kheng kwa viganja, akamfundisha kujaza pumzi ubavu uliobonyea, akamwekea kisoli chini ya kisigino cha kushoto. Kisu cha upasuaji hakikutajwa.

"Daktari, itafika sifuri lini?"

"Mwalimu, mfupa wako una miaka arobaini na mmoja, si unga wa chapati. Kukunyoosha kama rula siwezi, na anayekuahidi hivyo mkimbie. Ninachotafuta ni usiumwe, na upande ngazi bila kushika ukuta."

Nyuma ya pazia fundi akacheka. "Na mimi shingo, daktari?"

"Wewe inua cherehani, acha kuiinamia! Mara ngapi nikwambie?"

Baada ya miezi sita ikatangazwa harusi ya mpwa wake Guat Kheng. Wanawake wote wa ukoo wangevaa kebaya, ile blauzi nyepesi ya kutariziwa, inayobana kiuno na kufungwa kifuani kwa pini tatu za dhahabu. Yeye hakuwahi kuivaa.

"Nitakushonea," alisema Teik Seng.

"Itanibana."

"Ndiyo kazi yake, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita "mpenzi". Mwalimu alikosea kuhesabu chenji siku hiyo.

Kebaya ilipofika, rangi ya kijani cha majani machanga, aliivaa mbele ya kioo. Mabega sawasawa, kiuno sawasawa. Akacheka peke yake. Kisha akapapasa bega la kulia, vidole vikazama. Sponji. Ubavuni, sponji nyingine. Akashika simu.

"Fundi, huyu uliyemshonea ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi sina sponji. Mtu mmoja tu duniani aliuona mgongo wangu akausifu, kumbe alikuwa anapima pa kuziba."

"Kheng, sikiliza, nilitaka siku hiyo mtu asikutazame vi..."

Akakata. Miadi yake akaihamishia Alhamisi, na tambi akaacha kuzila.

Wiki ya tatu daktari alitundika picha mpya ukutani.

"Thelathini na tatu," alisema. "Na hiyo moja labda umesimama vizuri tu mbele ya mashine."

"Miezi saba, digrii moja?"

"Ulikuja hapa ukipanda ngazi kwa mikono. Leo umepanda na mfuko wa madaftari, hata hukupumzika. Hulioni hilo? Kila siku unaniuliza namba. Wataka nikutie sponji?"

Mwalimu akaitazama tena ile picha ukutani. Miezi saba alikuwa akimwomba daktari jambo lilelile lililomkasirisha kwa fundi.

"Tena chukua bahasha yako. Iliachwa hapa na yule fundi mwenye shingo ya bata."

Bahasha ya kaki. Ndani hamkuwa na picha. Palikuwa na kebaya ya pili, ya kijani kilekile. Akaipapasa mabega, kitambaa kitupu. Kila upande umekatwa kwa kipimo chake. Na mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni, ulitariziwa mlolongo wa maua madogo ya waridi, ukipinda pale alipopinda yeye, ukirudi pale aliporudi yeye. Pini za dhahabu, mbili.

Akaivaa palepale nyuma ya pazia, akapiga simu.

"Pini ya tatu iko wapi?"

"Ninayo mimi. Zilikuwa za mama yangu, Kheng, na alinikataza kuzitenganisha. Ukiitaka, itabidi utuchukue wote wawili."

"Uko wapi?"

"Hapa chini. Alhamisi ya tatu hii nakula tambi nisizozitaka."

Akashuka ngazi bila hema, bila kushika ukuta. Bibi mmoja akaacha kijiko hewani. "Mwanangu, maua yako yamekwenda upande!"

"Yananifuata mimi, shangazi."

Teik Seng alisimama. Fundi mwenye miaka thelathini kazini, akahangaika kumfunga pini kifuani kama aliyepewa sindano jana. Alipomaliza, pini ya tatu ilikuwa imeinama.

"Imekaa upande," alisema. "Niitoe niiweke tena?"

"Thubutu uiguse," alisema Guat Kheng, akavuta kiti.